Siku tatu Lisbon: panda kwa chombo, shuka kwa miguu

Mtu akiniuliza aanzie wapi Ulaya, na ana siku tatu tu mkononi, simtumi Paris wala London. Namtuma Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Katikati ya jiji panatembeleka kwa miguu, kahawa ya kunywa umesimama kaunta bado ni euro moja na senti kidogo, na uwanja wa ndege uko mjini, kilomita 7 hivi kutoka mitaa ya kati. Halafu kuna hili letu sisi watu wa pwani. Mji huu ndio uliowatuma wale jamaa waliotuachia meza, leso, bendera, kopo na Fort Jesus. Ukiingia chumbani hotelini ukakuta mto hauna foronya, mwambie mhudumu "fronha", atakuelewa.

Tatizo lake ni moja: vilima. Wenyewe husema ni saba. Mimi nadhani aliyehesabu alichoka akaacha. Njia zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na viatu vya miaka mingi, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Wageni wengi siku ya kwanza hukikwea kilima cha Alfama, mtaa wa zamani, kwa miguu saa saba mchana, kesho yake wanashinda kitandani wakikanda magoti. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni hii tu: kupanda, tumia chombo; kushuka, tumia miguu. Na kilima kimoja kwa siku kinatosha.

Hatua ya kwanza: visa

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen, yaani ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Wewe anza miezi mitatu mapema, maana kinachowachelewesha watu mara nyingi si fomu bali kupata siku ya miadi. Weka nafasi kwenye hoteli inayokubali kufuta bila kukukata, na usilipe kitu kisichorudishwa hadi visa iwe mkononi.

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali haombi visa tena; anabeba kadi yake ya ukaazi pamoja na pasipoti. Aliyeko Uingereza kwa pasipoti ya kwetu, pole: kibali cha Uingereza hakikuvushi.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza mfumo mpya. Ukiingia mara ya kwanza unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Foleni huenda ikawa ndefu, kwa hiyo usinunue tiketi ya kitu chochote cha ndani ya saa tatu za mwanzo baada ya kutua.

Hatua ya pili: chagua msimu, kisha chumba

Aprili na Mei ni nzuri, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba ni nzuri zaidi. Agosti kuna joto na umati. Juni ina utamu wake, kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 13, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mitaa ya zamani hujaa majiko ya sadini na watu hucheza hadi alfajiri. Ila vyumba hupanda bei na usingizi hauji. Desemba hadi Februari hakuna theluji, ila mvua ipo, na kuna jambo watu hawaambiwi: nyumba nyingi za Lisbon hazina vipasha joto vya maana. Nje utaona nyuzi 14 ukasema mbona si baridi, kisha usiku chumbani unalala na soksi. Ukienda wakati huo, uliza kabla ya kulipa.

Swali la pili la kuuliza ni lifti. Kwa Wareno sakafu ya chini haihesabiwi, kwa hiyo chumba cha "3.º andar" kiko juu ya ngazi za ghorofa tatu nzima, na katika majengo ya zamani ngazi hizo ni za mbao, nyembamba, zinazunguka. Picha za Alfama kwenye tovuti za vyumba zinapendeza sana. Usilale Alfama ukiwa na sanduku la magurudumu. Lala Anjos, Arroios au Intendente, kwenye mstari wa kijani wa metro, au upande wa Saldanha palipo tambarare. Bei ni nafuu kuliko kule chini mjini, na unapata maduka ya kawaida na vinyozi wa kawaida.

Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya jiji, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku kuanzia umri wa miaka 13. Wengi hulipishwa wanapofika, kwa hiyo usidhani unaibiwa.

Hatua ya tatu: kutoka uwanjani hadi kitandani

Fuata alama ya metro, usifuate mtu anayekuita. Stesheni iko palepale uwanjani, mstari mwekundu. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante ya senti 50, kisha itie pesa kwa mtindo wanaouita zapping, yaani unaweka salio, linakatwa kila unapopanda. Salio hilohilo linatumika metro, tramu, basi, treni za karibu na hata kivuko. Euro 15 zinakutosha kuanzia. Kila mtu awe na kadi yake, hamwezi kuchangia moja. Shuka Alameda, badilisha mstari wa kijani, baada ya vituo vichache uko Arroios au Anjos.

Pesa taslimu toa kwenye mashine zilizoandikwa Multibanco, ambazo ni za benki. Zile za rangi kali zilizopangwa mbele ya maduka ya zawadi, zipite. Na mashine yoyote ikikuuliza kama unataka ikukate kwa shilingi badala ya euro, chagua euro. Swali hilo lina upole wa mtego.

Saa ninazotaja hapa ni za Kiswahili. Wao huandika 20h, nasi tunasema saa mbili usiku. Kwa Afrika Mashariki wako nyuma saa tatu wakati wa baridi, saa mbili wakati wa kiangazi.

Siku ya kwanza: Baixa asubuhi, Alfama jioni

Anza uwanja wa Praça do Comércio, ule unaofungukia mto Tejo. Palikuwa na kasri la mfalme hapa. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko likaupiga mji, bahari ikafuata, kisha moto ukamaliza vilivyobaki. Mitaa iliyonyooka iliyo mbele yako, Baixa, ilijengwa upya chini ya waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, na ndani ya kuta waliweka fremu za mbao ili zicheze ardhi ikitikisika. Ukiijua habari hiyo, utaelewa kwa nini sehemu hii ya mji imenyooka kama daftari la hesabu ilhali Alfama imejikunja kama uzi.

Kutoka Baixa kwenda juu Chiado usipande barabara. Ingia mlango wa metro wa Baixa-Chiado upande wa Rua do Crucifixo, panda ngazi za umeme moja baada ya nyingine, utokee Largo do Chiado juu kabisa. Huhitaji kupita kwenye mageti, kwa hiyo hulipi kitu. Kuna watalii wanasimama foleni ndefu kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, kufika karibu na hapohapo. Lifti ni nzuri kuitazama ukiwa chini. Ukishafika Chiado tembea hadi kanisa la Carmo, ambalo lilipoteza paa siku ile ya 1755 na likaachwa hivyo. Nguzo zimesimama, matao yamebaki kama mbavu, na anga ndiyo dari.

Baada ya chakula cha mchana pumzika. Saa tisa na nusu hivi nenda Praça da Figueira, upande basi dogo namba 737, likupeleke hadi lango la ngome ya São Jorge. Asiyetaka basi ana njia ya lifti za bure: moja iko Rua dos Fanqueiros, inakutoa Rua da Madalena, unavuka, unaingia ya pili ndani ya jengo lenye supamaketi na maegesho, unatokea karibu na ngome. Wazee wa mtaa ndio wanaozitumia na mifuko yao ya nyanya.

Ngome hiyo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliitwaa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, na mtaa ulio chini yake ulibaki na jina lake la Kiarabu: Alfama ni al-hamma, chemchemi ya maji ya moto. Sasa shuka. Usitumie ramani. Maji yanaelekea mtoni na wewe elekea huko. Simama Portas do Sol na Santa Luzia upige picha, halafu potelea kwenye vichochoro. Mtu wa Mji wa Kale Mombasa au wa Stone Town atajikuta anatembea bila woga: upana ni uleule wa mikono miwili, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, redio inasikika dirishani, na bibi mmoja amekaa mlangoni anamjua kila apitaye. Tofauti ni vigae vya rangi ya buluu kutani na harufu ya samaki wa makaa.

Usiku, ukitaka fado, hapo Alfama ndipo mahali, au Mouraria upande wa pili wa kilima. Fado ni binamu wa taarabu kwa majonzi, lakini adabu yake ni kinyume. Kwetu ukiguswa unainuka, unatuza, unapiga kigelegele. Kwao taa zinazimwa, kijiko hakigongi sahani, na ukinong'ona jirani anakugeukia kwa jicho. Subiri wimbo uishe ndipo upige makofi. Uliza kabla ya kukaa kama kuna kiwango cha chini cha kula na kunywa, kwani nyumba nyingi zinacho, na kinaweza kumaliza bajeti ya siku. Nafuu zaidi ni baa ndogo zenye "fado vadio", ambako waimbaji si wa kulipwa: mpishi anatoka jikoni na aproni yake, anaimba nyimbo mbili, anarudi kwenye masufuria.

Kuhusu tramu namba 28

Kila mtu atakwambia uipande. Ni kibehewa cha njano cha mbao kutoka Martim Moniz, kinapita Graça, Alfama, Baixa hadi Campo de Ourique, na kweli ni kizuri. Lakini saa nne asubuhi mnajazana humo kama matatu ya saa ya mvua, na vibaka wa mifukoni wanalijua hilo kuliko wewe. Mimi nilisimama nimeshika bomba la juu kwa mikono miwili, mkoba ubavuni. Karibu yangu kijana nadhifu alikuwa na koti amelikunja juu ya mkono. Mama mmoja mzee aliyekaa kitini akanigusa goti, akanionyesha mkoba kwa macho tu, hakusema. Zipu ilikuwa imefunguka nusu, na koti lilikuwa juu yake. Nilipousogeza mkoba kifuani, kijana akashuka kituo kilichofuata bila haraka yoyote. "Cuidado, filha," mama akasema sasa. Jihadhari, binti. Nikamshukuru "obrigado", akacheka, akanisahihisha: mwanamume ndiye anasema obrigado, mwanamke ni obrigada.

Basi, ukiitaka 28, nenda kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya tatu, ukashuke Graça. Utapata kiti cha dirishani na utawaona watoto wakienda shule. Zile tramu za kamba za kupanda mlima, sikushauri uzijengee mpango: ya Glória iliacha njia Septemba 2025, watu 16 wakafa, na nyingine zikasimamishwa. Uliza kwanza kama zimerudi.

Kula bila kuumia

Nilipokaa mkahawani mara ya kwanza, mhudumu aliniletea mkate, zeituni, jibini dogo na siagi kabla sijaagiza. Nikajisemea, hawa watu wana ukarimu wa kwetu. Nikala vyote. Bili ilipokuja kila kijisahani kilikuwa na bei yake. Hicho ndicho kinaitwa couvert, na si wizi, ni desturi. Usichokigusa hukilipii. Ukiona hukitaki sema tu "não, obrigada", au obrigado, wataondoa bila kununa.

Mlo mkubwa ule mchana. Tafuta karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mwandiko wa mkono, "prato do dia", chakula cha siku. Kwa euro 10 hadi 15 unapata sahani iliyojaa, na ukiona mafundi wenye rangi kwenye suruali wamekaa ndani, ingia. Bacalhau ndiyo ng'onda wao: samaki wa chumvi aliyekaushwa, akalowekwa, akapikwa kwa viazi, mayai au malai. Usimkatae kwa harufu ya dukani. Caldo verde ni supu ya viazi na majani yaliyokatwa nyembamba kama nywele, na majani hayo ukiyaonja utayajua mara moja: ni sukuma. Ila juu yake huelea kipande cha soseji ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema "sem carne de porco". Maneno ya kuyatambua kwenye menyu ni porco, presunto, chouriço, toucinho na banha. Bifana, ule mkate wenye nyama unaouzwa kila kona, ni nguruwe pia. Samaki wa makaa ni salama yako siku zote.

Anayetafuta halali aende Martim Moniz na Rua do Benformoso, kwenye mikahawa ya Wabangladeshi, akale pilau na mchuzi. Msikiti Mkuu wa jiji, uliofunguliwa 1985, uko karibu na stesheni ya Praça de Espanha, na wengi walioujaza tangu mwanzo walitokea Msumbiji. Ijumaa ukiswali pale usishangae kukutana na mzee aliyezaliwa kando ya bahari yetu hiihii.

Kuku wa makaa wa piri-piri umjaribu, kwenye duka lililoandikwa "churrasqueira". Jina hilo wengi hulirudisha kwenye pilipili yetu, ingawa ukali umepungua safarini. Na kwenye kabati la kioo la mgahawa wowote, kando ya keki, utaona pembetatu za kukaanga. Zinaitwa chamuças. Ndiyo, ni sambusa, zimefika huko kwa njia ya Goa na Msumbiji. Uliza nyama iliyomo.

Kahawa agiza "bica", ni kikombe kidogo kikali. Ya maziwa kwenye glasi ni "galão". Kunywa umesimama kaunta. Mezani, hasa nje, bei hubadilika.

Siku ya pili: Belém, na dhahabu ya Kilwa

Siku hii haina kilima. Isiwe Jumatatu, makumbusho mengi hufungwa. Kutoka Cais do Sodré kuna tramu 15 na kuna treni ya kuelekea Cascais. Chukua treni, ni dakika chache na ina nafasi. Kabla ya chochote nenda kwenye duka la Pastéis de Belém, linalooka vitobosha vya kastadi tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingia ndani, kuna vyumba vingi na meza tele. Kijitobosha kinakuja cha moto, ganda linavunjika kwa kelele, kastadi imeungua madoa meusi juu. Mezani kuna kikopo cha sukari ya unga na kikopo cha mdalasini. Nyunyiza mdalasini. Nilikula viwili nikaagiza viwili vingine.

Kisha kanisa la monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa kodi ya asilimia 5 ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Ukiingia tu, kushoto chini ya roshani, amelala Vasco da Gama: sanamu ya jiwe, viganja vimekutana kifuani kwa sala. Kutoka Belém hii aliondoka Julai 1497. Aprili 1498 alifika Mombasa, hakupatana na watu. Wiki moja baadaye Malindi wakampokea vizuri, wakampa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo yake ya Malindi nimepigwa picha nayo nikiwa darasa la sita, na sare ya shule. Kusimama mbele ya kaburi lake ni jambo la ajabu kidogo. Watalii wanapita, wanampiga picha, wanakwenda. Mimi nilikaa kwenye benchi. Mwaka 1505 kundi jingine la meli kutoka mji huu, chini ya Francisco de Almeida, liliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Mnara wa Belém utazame ukiwa nje, picha yake ndiyo uzuri wake. Mnara wa mabaharia ule mweupe kama tanga, Padrão dos Descobrimentos, ni wa 1960. Mbele yake chini kuna ramani ya dunia ya mawe. Utawaona watu wamesimama juu ya nchi zao.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho mimi ningeendea Lisbon hata kama hakungekuwa na kingine. Panda basi namba 714 la kurudi mjini, ushuke Rua das Janelas Verdes, uingie Museu Nacional de Arte Antiga. Ulizia "Custódia de Belém". Ni monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kimetengenezwa 1506 na kinahesabiwa kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Kimo chake hakifiki mita moja. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka kioo, kila mmoja na sura yake, nguo zao zimetiwa rangi ya enameli, na kila mmoja si mrefu kuliko kidole. Inama. Zungusha macho kwenye ukingo wa chini, kwenye herufi. Kireno cha zamani kile, V imesimama badala ya U, lakini neno moja utalisoma bila kufundishwa: Kilwa. Maandishi yanasema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Ni ushuru ambao Vasco da Gama, safari yake ya pili, alimtoza mtawala wa Kilwa kwa vitisho vya mizinga, akaileta hapa 1503.

Mlinzi wa chumba aliniona nimeinama muda mrefu, akaja kusimama karibu. Nikamwonyesha neno lile, nikajionyesha kifua. Kiingereza chake na changu vilitosha. Akauliza, "Iko wapi hiyo?" Nikamchorea pwani kwa kidole hewani.

Usipange kitu kingine jioni hiyo. Nyuma ya jumba kuna bustani inayotazama mto, na mgahawa.

Siku ya tatu: upande wa watu

Kama ni Jumanne au Jumamosi, panda tramu 28 ya alfajiri hadi Graça, uone mji kutoka Senhora do Monte, kisha ushuke hadi Campo de Santa Clara kwenye soko la mitumba la Feira da Ladra. Kuna vigae vya zamani, sarafu, sahani za marehemu na simu zisizo na chaja. Punguza bei kwa tabasamu. Wanapunguza, ila si kama Kariakoo. Siku nyingine, tumia asubuhi Mouraria.

Mchana pita Largo de São Domingos, nyuma ya uwanja wa Rossio. Hapo ndipo Waafrika wa Lisbon hukutana, hasa wa Guinea-Bissau: wazee wamesimama na makoti, kina mama wanauza kokwa za kola na karanga kwenye beseni. Nunua kitu, salimia. Wenye miguu waendelee hadi mtaa wa Rua do Poço dos Negros, Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel, huyuhuyu wa monstransi, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za Waafrika watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa. Leo ni mtaa wa mikahawa ya kisasa.

Watakwambia uende Sintra. Ni pazuri, treni kutoka Rossio ni kama dakika 40, lakini kwa siku tatu inakula siku nzima kwenye foleni za kasri. Iachie safari nyingine. Badala yake saa moja kabla ya jua kutua nenda Cais do Sodré upande kivuko cha Cacilhas, kwa kadi yako ileile. Ni dakika kumi hivi, ni Kigamboni yao, na Likoni yao. Abiria wengi wanatoka kazini wakisinzia. Wewe kaa upande wa dirisha unaotazama nyuma, mji wote uonekane unavyopanda, kisha kule ng'ambo ule samaki na urudi usiku taa zikiwa zimewaka kwenye daraja la 25 de Abril.

Kuondoka

Nenda uwanjani saa tatu kabla ya ndege, maana kutoka Schengen nako kuna mlolongo wa pasipoti. Salio likibaki kwenye kadi, itunze au umwachie anayekuja. Ukinunua boksi la vitobosha vya kwenda navyo nyumbani, beba mkononi, visiingie kwenye sanduku, na viliwe siku hiyohiyo. Nilinunua sita kwa ajili ya dada yangu. Alipokea boksi, na vile vipakiti vya mdalasini.